Donkey Kong wa mapipa na Donkey Kong wa leo ni sokwe mmoja?

Swali (nimelikata kidogo, lilikuwa refu): "Kaka habari za kazi. Mwanangu ana miaka tisa, mjomba wake aliyeko Muscat kamletea gemu mpya ya Donkey Kong, naona sokwe ndo stelingi, kambeba binti begani wanavunja mawe pamoja. Mimi utotoni niliicheza hiyo gemu kwenye zile mashine za kaseti za njano na nakumbuka vizuri kabisa sokwe alikuwa jambazi, kamteka dada wa watu, kakaa naye juu anatupa mapipa. Sasa huyu ni yule yule kaokoka au ni mwingine? Na kwa nini sokwe aitwe punda?"

Jibu:

Kaka, pole na hongera kwa pamoja, pole kwa sababu najua TV ya sebuleni saa hizi si yako tena. Jibu la harakaharaka: sio yule. Yule uliyekuwa unaruka mapipa yake yupo hai ila kazeeka, ana ndevu nyeupe ndefu na mkongojo, anaitwa Cranky Kong, na kazi yake siku hizi ni kulalamika kwamba gemu za watoto wa sasa ni mteremko mtupu. Anayechezwa na mwanao ni wa ukoo huo huo, karithi jina. Ila ukiuliza karithi kama mtoto au kama mjukuu hapo ndo panaanza ubishi, nitafika huko mwishoni.

Ila usiondoke na jibu hilo tu, manake utaona kama vile kuna mtu alikaa ofisini akasema jamani huyu mnyama tumbadilishe awe na roho nzuri. Haikuwa hivyo. Mimi nimefuatilia hizi gemu miaka mingi na ninavyoona, kila mara sokwe huyu alipobadilika kulikuwa na shida mahali, mzigo umedoda, leseni imekataliwa, mashine imepitwa na wakati, na yeye ndo akatumwa kwenda kuziba.

Tuanze na mzigo uliododa. Mwaka 1980 Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, walikuwa bado wachanga Marekani, na bosi wao wa kule, Minoru Arakawa, akaagiza mashine 3,000 za gemu ya kupiga vyombo vya angani inaitwa Radar Scope, zile mashine za ukubwa wa kabati unatumbukiza sarafu unacheza umesimama. Mzigo ukapigwa na safari ya bahari, ukafika watu hawana habari nao, zikauzwa kama 1,000 hivi na 2,000 zikalala stoo. Arakawa ikabidi amlilie mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, ambaye pia alikuwa baba mkwe wake (hebu kifikirie hicho kikao), kwamba nitengenezee gemu nyingine niiweke ndani ya makabati haya haya. Kazi akapewa kijana mchoraji, Shigeru Miyamoto, ambaye hata mtu wa programu hakuwa, akisimamiwa na Gunpei Yokoi.

Miyamoto alitaka Popeye, yule baharia wa katuni anayekula spinachi, na jibaba lile Bluto, na mwanamke wanayemgombania. Leseni ikakosekana. Kwa hiyo akabaki na kisa hakina wahusika: mwanamume mfupi, mwanamke juu, na mkubwa mwenye misuli katikati. Nafasi ya baharia akaweka fundi seremala, nafasi ya Bluto akaweka sokwe. Yani sokwe wako wa utotoni ni kiraka kaka, alikuja kuziba pengo la katuni ya watu wengine. Na kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba kwenye kisa alichowaza Miyamoto yule sokwe ni mnyama wa kufugwa wa huyo seremala, ambaye hakumtunza vizuri, ndo akatoroka na kumchukua mwanamke wa bwana wake. Kwa hiyo hata hilo neno jambazi tulitumie kwa kiasi, manake pale kulikuwa na kisasi cha mfugwa kwa mfugaji.

Seremala mwanzoni aliitwa Jumpman, baadaye wakampa jina la mwenye ghala ambalo Nintendo walikuwa wamepanga kule Marekani, Mario. Ndiyo, Mario yule yule. Alianza kama mtu wa pili kwenye gemu yenye jina la sokwe.

Mzigo wa saketi mpya ukatumwa kutoka Japani, wafanyakazi wachache pale ghalani wakakaa wanafungua yale makabati 2,000 moja moja, wanatoa Radar Scope wanaingiza Donkey Kong, ndo maana mashine za mwanzo kabisa zilikuwa nyekundu, rangi ya mzigo ule uliododa, za bluu zilikuja baadaye. Kabla ya hapo walikuwa wameshaijaribisha kwenye baa mbili za Seattle na sarafu zikamiminika, na mpaka katikati ya 1982 walikuwa wameshauza takriban mashine 60,000.

Sasa suala la punda. Kuna hadithi inazunguka miaka yote kwamba jina lilitakiwa kuwa Monkey, yani kima, mtu akakosea herufi moja kwenye faksi. Ni uzushi. Miyamoto alitaka neno la Kiingereza lenye maana ya mkaidi, mtu mjinga mjinga asiyesikia, na akaamini "donkey" linabeba hiyo maana, alafu "Kong" kwa Wajapani wa wakati ule ilikuwa ni jina la jumla tu la masokwe wakubwa. Wamarekani walipolisikia walicheka, ila sisi tuliokulia Kiswahili hatuna cha kushangaa hapo, ukimwambia mtu we punda hajakuelewa kwamba ana masikio marefu, kaelewa kabisa ulichomaanisha.

Hilo neno Kong lilileta kesi. Mwaka 1982 Universal, wale wa filamu, wakaishtaki Nintendo mahakamani New York kwamba sokwe huyu ni King Kong wao. Kampuni nyingine iliyokuwa na leseni ya kuuza gemu hii kwa ajili ya konsoli za nyumbani (zile mashine za gemu za kuchomeka kwenye TV) ikaogopa ikakubali kulipa. Nintendo wakagoma, wakamchukua wakili anaitwa John Kirby, na Kirby akaenda kufukua kesi ya 1975 ambayo Universal hao hao walisimama mahakamani wakasema kisa cha King Kong hakina mwenyewe, ni mali ya umma, wakati huo walikuwa wanataka kutengeneza filamu bila kulipa mtu. Jaji hakuwa na kazi kubwa. Universal wakapigwa, wakakata rufaa wakapigwa tena 1984, na Kirby akazawadiwa boti ya tanga yenye jina Donkey Kong. Hii kesi huwa inasimuliwa kama kituko tu ila Nintendo wasingeshinda, leo mwanao angekuwa anacheza kitu kingine kabisa.

Turudi kwa mnyama. Mwaka 1982 hiyo hiyo ikatoka Donkey Kong Jr., na hapa ndo kwa mara ya kwanza mchezaji anashika sokwe badala ya kumkimbia. Safari hii Mario kamfungia mzee kwenye kizimba, kasimama na mjeledi, na anayekwenda kumkomboa ni mtoto wake, katoto ka sokwe kamevaa singlendi yenye herufi J. Kanapanda mizabibu na minyororo, ukishika mbili kwa mikono miwili unapanda haraka, ukitaka kuteremka haraka unashika mmoja. Mimi naipenda kuliko ile ya kwanza, watu watanibishia. Na iangalie vizuri hadithi yake, ndani ya mwaka mmoja tu mtekaji kawa mtekwa na shujaa kawa mkatili. Kwa hiyo kaka hata kama ungekua na mashine za sarafu za 1982 ungekuwa umeshachanganyikiwa tayari.

Alafu 1983 wakaja na ya tatu ambayo sipendi hata kuizungumzia. Mario hayupo, kuna jamaa anaitwa Stanley anapulizia dawa wadudu kwenye nyumba ya mimea, na sokwe ananing'inia juu, na unamfukuza kwa kumpulizia dawa makalioni. Sijatunga. Mnyama aliyewatoa stoo na mzigo wa mashine 2,000 ndo wanamlipa hivyo. Tunasemaga fadhila ya punda, ila hapa punda ndo kafanyiwa.

Baada ya hapo kimya cha karibu miaka kumi. Mario kachukua kila kitu, sokwe anaonekana kwa kuombwa ombwa tu, mwanae Junior akapewa gari kwenye Super Mario Kart ya 1992 na basi.

Hapa niweke kando kidogo kuhusu kumbukumbu yako, manake najua utanitafutia kesi. Ile uliyocheza kwenye kaseti za njano asili yake ni toleo la Famicom, konsoli ya nyumbani ya Nintendo iliyotoka Japani Julai 1983, na hizo mashine zetu za mtaani zilikuwa kopi za hiyo Famicom. Gemu ya kabati ilikuwa na steji nne, mita 25, 50, 75 na 100, kama vile unapanda jengo. Kwenye toleo la nyumbani waliikata ya mita 50, ile yenye mikanda inayobeba masinia ya saruji, kaseti haikuwa na nafasi. Kwa hiyo ukiona video ya zamani yenye steji ambayo huijui usidhani umesahau, haikuwepo kwako.

Na kingine ambacho kinanifurahishaga sana, gemu ya kabati haina mwisho uliopangwa lakini inakufa yenyewe levo ya 22. Muda wa kila levo unapigwa kwa hesabu, unachukua namba ya levo unajumlisha 4, unazidisha kwa 10, jibu linakuwa mamia ya pointi za muda. Levo ya kwanza ni 50, yani 5,000, levo ya nne ni 80, yani 8,000, na hapo kuna kikomo haiendi juu zaidi. Sasa levo ya 22 hesabu inatoa 260, na kumbukumbu ya mashine ile ilikuwa inahifadhi namba mwisho 255, ikipita inaanza upya kutoka sifuri, kwa hiyo 260 ikawa 4, na muda ukawa 400. Mario anaanza kupanda, baada ya sekunde chache anaanguka amekufa, hajagongwa na chochote. Watu wameshinda miezi wanafanya mazoezi ili wafike hapo wakafe hivyo.

Tuje 1994, huu ndo mwaka wenyewe. Kwanza katikati ya mwaka ikatoka Donkey Kong ya Game Boy, mashine yao ndogo ya kushika mkononi, inaanza na steji nne za zamani, unadhani umemaliza, kumbe kuna 97 nyingine zimejificha nyuma, jumla 101. Sokwe pale tayari kavaa tai nyekundu. Lakini kishindo ni Novemba, Donkey Kong Country kwenye Super Nintendo, konsoli yao ya nyumbani ya wakati huo.

Iliyotengeneza sio Nintendo wenyewe, ni Rare, kampuni ya ndugu wawili, Tim na Chris Stamper, kijijini Twycross, Uingereza. Shida iliyokuwepo safari hii: Super Nintendo ilikuwa mashine ya zamani kidogo, PlayStation ya Sony iko njiani na picha zake za pande tatu, na Nintendo hawana konsoli mpya ya kutoa mwaka huo. Rare walikuwa wamenunua kompyuta za Silicon Graphics, za bei mbaya, wakafanya ujanja, wakamjenga sokwe mzima kwa pande tatu ndani ya kompyuta zile, wakampiga picha akiwa katika kila hatua, kisha wakazipunguza picha zile na kuzipanga kwenye kaseti. Konsoli yenyewe ilikuwa inaonyesha picha bapa tu, kama kawaida yake, ila jicho lako linakwambia kitu kingine. Watu waliapa kwamba ile ni mashine mpya. Ziliuzwa zaidi ya nakala milioni 9.

Mchoraji Kevin Bayliss ndo aliyempa umbo unalolijua, kichwa kikubwa, paji la uso zito, mikono minene, tai yenye herufi DK. Umbo hilo la mafungu mafungu lilikuwa na sababu, ukishampunguza awe mdogo kwenye TV lazima bado umjue ni nani. Wakaenda na bustani ya wanyama pale pale Twycross kuwatazama gorila wanavyotembea, wakarudi mikono mitupu, mwendo wa gorila haufai kwa gemu ya kukimbia, ana mambo yake hana haraka. Unajua wakachukua mwendo wa nani? Farasi. Ukimwangalia DK anavyokimbia ile gemu, ule ni mruko wa farasi. Kwa hiyo sokwe mwenye jina la punda anakimbia kama farasi, na hakuna aliyelalamika.

Angelalamika mtu wa Bwindi au Virunga labda, wao wanao wenyewe. Gorila wa milimani hana ghala la ndizi wala hagombanii ndizi na mamba, chakula chake ni majani, mashina na machipukizi ya mianzi. Na yule mdogo mwenye kofia nyekundu anayeongozana na DK, Diddy, ana mkia mrefu, na kwa mtu yeyote aliyewahi kwenda Gombe hiyo ni kasoro ya wazi, sokwe hana mkia, mwenye mkia ni kima. Ila Diddy naye ana hadithi ya kiraka. Rare walimchora kama sura mpya ya Donkey Kong Jr., Nintendo wakasema huyu amebadilika mno, ama mrudisheni alivyokuwa ama mpeni jina lingine, wakampa jina lingine. Hivyo ndivyo Junior alivyopoteza kazi.

Gemu hiyo ukiiwasha, kabla hujacheza chochote, unamwona sokwe mzee yuko juu ya vyuma vile vile vya jengo la gemu ya kwanza ya 1981 anazungusha gramafoni, muziki ule ule wa zamani, mara DK anashuka na redio kubwa, muziki unabadilika, anaanza kucheza. Huyo mzee ndo Cranky, na ndo jibu la swali lako, walilisema mwanzoni kabisa kwa sekunde chache bila hata neno. Wengi tulibonyeza kitufe tukaruka.

Baada ya hapo nitapita haraka. 1995 na 1996 zikatoka mbili zaidi ambazo DK mwenyewe kakamatwa, anayechezwa ni Diddy, kisha Dixie (ya 1995 kwangu ndo bora kuliko zote, muziki wa David Wise peke yake unatosha). 1999 Donkey Kong 64, kubwa mno, unaokota vitu mpaka unachoka. 2002 Microsoft wakainunua Rare kwa dola milioni 375, sokwe akabaki Nintendo kwa sababu jina lilikuwa lao, ila waliomlea wameondoka. Miaka hiyo alihangaika, wakamfanyia hadi gemu za kupiga ngoma, gemu inakuja na ngoma mbili za plastiki unapiga na kupiga makofi. Kisha Retro Studios wa Texas wakamrudisha porini 2010, na tena 2014, gemu nzuri na ngumu kweli kweli.

Sasa hiyo ya mwanao ni Donkey Kong Bananza, ilitoka tarehe 17 Julai 2025 kwa ajili ya Switch 2. Shida safari hii, kama unaweza kuiita shida, ni konsoli mpya inatafuta sababu ya kununuliwa, na nguvu zake wakazitumia kwenye kuvunja, karibu kila ukuta na kila sakafu unaipiga ngumi inamomonyoka. Ukiwa na kazi ya kuvunja unamtuma nani kama sio yeye. Umbo nalo limebadilika, lile la Bayliss limestaafu baada ya miaka thelathini, uso umekuwa wa katuni zaidi, mdomo unatembea, macho yanashangaa, na mtu wa rika letu akimtazama vizuri anamwona yule wa kwenye kabati. Na huyo binti begani, kaka, ni Pauline. Jina hilo ndo alilokuja kupewa yule dada wa juu ya vyuma, ambaye mwaka 1981 hata jina hakuwa nalo, alikuwa anaitwa Lady tu. Hapa ana miaka 13, anaimba, na sauti yake ndo inampa sokwe nguvu.

Haya, mtoto au mjukuu. Maelezo ya Nintendo mara nyingi yamemtaja Cranky kama babu yake DK. Filamu ya Mario ya 2023 ikamfanya baba mzazi. Wanaoshika upande wa baba wanasema basi DK wa leo ni Junior aliyekua, katoa singlendi kavaa tai, na inasikika vizuri. Tatizo ni Mario Tennis ya 2000. Mle ndani unaweza kumchagua Donkey Kong, na unaweza kumchagua Donkey Kong Jr., ukawaweka uwanja mmoja wakarushiana mpira. Mtu hachezi tenisi na utoto wake. Kwa hiyo mimi nabaki na mjukuu, Junior yuko katikati yao, na akikuuliza mwanao mwambie yule uliyekuwa unaruka mapipa yake ni babu.